Nyoka wa Chuma na Theluji ya Kibo

Mji wa Moshi tunaoishi leo ni mtoto wa reli. Moshi ya asili, ile ya Mangi Rindi na mwanawe Meli, iko juu mlimani, nasi tungali tukiiita Old Moshi. Reli iliyoanzia Tanga ilipofika huku tambarare mwaka 1911, mji mpya ulikua kuizunguka stesheni, na katika mitaa yake babu zetu kutoka Gujarati walifungua maduka. Wengi wao hawakuwa wajenzi wa reli. Vibarua zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi waliletwa kujenga reli nyingine, ile ya Mombasa hadi Kisumu, kati ya mwaka 1896 na 1901, na wengi wa hao walikuwa Wapunjabi. Wetu waliifuata reli wakiwa na mizani, majora ya vitambaa na daftari la madeni.

Tunaanza na reli kwa kuwa katika Afrika ya Mashariki ni tabiri chache zinazosimuliwa sana kama ule wa nyoka wa chuma. Na anayeusikiliza vema atatuona nasi tumo ndani yake, tukishuka mabehewani.

Husimuliwa kwamba katika karne ya 19, katika nchi ya Wakikuyu, mwaguzi Mugo wa Kibiru aliamka asubuhi moja akitetemeka, mwili una michubuko, wala hawezi kusema. Wazee wakakusanyika, wakatoa sadaka, ndipo ulimi wake ukafunguka. Alieleza juu ya wageni wenye rangi ya chura mdogo mweupe, mavazi yao kama mbawa za kipepeo, wakibeba fimbo zitoazo moto. Nyuma yao angekuja nyoka wa chuma mwenye miguu mingi, mwenye kutema moto, akijinyoosha kutoka maji makuu ya mashariki hadi maji makuu ya magharibi. Vijana waliposhika mikuki, aliwazuia: silaha zao zisingemdhuru nyoka yule. Akawashauri wawapokee wageni kwa adabu, lakini wasiwasogeze karibu mno na maboma yao.

Jomo Kenyatta aliyaandika masimulizi haya katika kitabu chake Facing Mount Kenya, mwaka 1938. Reli ilikuwa imeshafika Nairobi tangu 1899. Basi msomaji makini ana haki ya kuuliza ni maneno mangapi yalitoka kinywani mwa Mugo, na mangapi yaliongezwa na watu waliokwisha kuliona garimoshi. Sisi tunadhani picha ya nyoka huenda ilinolewa na wasimulizi. Lakini kiini cha habari ni ule ushauri. Mugo hakuwaachia watu wake hofu tupu; aliwapa jambo la kufanya asubuhi iliyofuata.

Si kila aliyesema alisalimika. Kwa Wanandi, Kimnyole arap Turukat, aliyekuwa Orkoiyot wao, naye hukumbukwa kwa kutabiri kuja kwa wageni na nyoka wa chuma. Mwaka 1890, baada ya misiba kuwafika, watu wake mwenyewe walimuua kwa marungu. Mwanawe, Koitalel arap Samoei, aliongoza upinzani dhidi ya Waingereza mpaka alipopigwa risasi Oktoba 1905.

Mila yetu wenyewe ina tahadhari juu ya jambo hili. Wazee hutusimulia kwamba Sahadev, kitinda mimba wa Pandava, alijua yote yajayo lakini alifungwa asiyatamke kabla ya kuulizwa. Mtoto azaliwapo tunaandikiwa janmakshar, tunaikunja na kuiweka kabatini hadi siku za kutafuta mchumba, na mnajimu mwenye heshima zake hataji siku ya mtu kufa hata akibembelezwa.

Februari 1962 tahadhari hiyo ilisahauliwa. Nyota na sayari nane kwa hesabu ya wanajimu wetu zilikutana katika Makara, na jua likapatwa juu ya hayo. Huko India wanajimu wengi walitangaza kiama. Watu wakajazana kwenye yajna kubwa kubwa. Siku zikapita, dunia ikabaki mahali pake. Wakati huo Tanganyika ilikuwa na miezi miwili tu ya uhuru, na swali lililowakosesha Wahindi wengi usingizi lilikuwa la kukaa au kuondoka. Hilo nyota hazikulijibu. Wala hatukusikia mnajimu aliyeuona mwaka 1971, nyumba za kupangisha zilipotaifishwa!

Leo watabiri wa mlima wetu ni wanasayansi. Mwaka 2002 Lonnie Thompson na wenzake walitangaza kwamba barafu ya Kilimanjaro ilikuwa imepungua kwa takriban asilimia 80 tangu 1912, na kwamba hali ikiendelea vile ingetoweka kati ya mwaka 2015 na 2020. Wageni wakaja mbio kuiwahi, na sisi wenye maduka hatukuwafukuza. Mwaka 2020 ukapita, theluji ya Kibo ingalipo, imekonda. Mwaka 2022 UNESCO ikataja 2050. Tunawasikia vijana wakicheka kwamba hata wasomi hubahatisha, na kicheko hicho kinatutia wasiwasi kuliko tarehe iliyokosewa, maana kupungua kwenyewe hakukukosewa.

Sisi tungependa habari hizi zisemwe, tena kwa Kiswahili, sokoni na hekaluni, lakini pamoja na lile ambalo tarehe imelifunika. Maji yanayojaza mifongo ya majirani zetu Wachaga na mabomba yetu mjini, sehemu kubwa hayatoki katika barafu. Yanatoka katika mvua na ukungu vinavyonaswa na msitu. Oktoba 2020, mwaka uleule uliokuwa ukingojwa kwa ajili ya barafu, moto uliunguza zaidi ya kilomita za mraba 90 huko juu. Usiku tulisimama mtaani tukiutazama ule mstari mwekundu ukitambaa ubavuni mwa mlima, na mamia ya watu, wanafunzi wakiwamo, wakapanda kwenda kuuzima kwa matawi na mapanga.