Usandawe: Mapango, Ngoma na Mizinga

Wilaya ya Chemba ilimegwa kutoka Kondoa mwaka 2012, lakini watu wake hawakuanza kuhesabu miaka hapo. Magharibi ya mto Bubu, kuelekea mto Mponde, kuna vilima vya mawe na vichaka vikavu vinavyoitwa Usandawe: Farkwa, Kwa Mtoro, Sanzawa, Ovada. Wenyewe, Wasandawe, walikuwapo kabla ya jirani zao wote, na lugha yao yenye vidoko haina ndugu wa karibu miongoni mwa lugha za Wagogo, Wanyaturu, Warangi wala Waburunge.

Walikuwa wawindaji wa upinde na mishale ya sumu, wachimbaji wa mizizi, warina asali. Kulima na kufuga walijifunza kwa jirani, na walijifunza kwa hiari yao. Ukoo wa Alagwa ulipofika na sifa ya kuleta mvua, ulipokewa ukawa wa humo humo. Aliyetaka kuwatawala hakupokewa hivyo. Jina la Kwa Mtoro ni ukumbusho wa Mtoro, Mnyamwezi aliyepata nguvu huko chini ya Wajerumani. Mwaka 1902 Wasandawe waliwafukuza watu wake na kutwaa ng'ombe. Serikali ya kikoloni ikajibu kwa bunduki. Mamia waliuawa katika siku chache. Habari hiyo haina budi kufundishwa katika shule za Chemba, sambamba na Majimaji.

Utajiri mkubwa wa nchi hii uko maweni. Mwanaakiolojia Mary Leakey alinakili michoro ya mapangoni ya Kondoa mwaka 1951, na mwaka 2006 UNESCO ikaiingiza michoro hiyo katika Urithi wa Dunia. Eneo lililoorodheshwa liko mashariki, kwenye miteremko ya Kolo na jirani zake. Usandawe umebaki nje ya mpaka huo, ingawa ni huku ambako mwanaanthropolojia Eric ten Raa, katika miaka ya 1960, alikuta watu ambao bado walijua kwa nini jiwe huchorwa. Walimweleza kuhusu uwindaji, kuhusu matambiko kwa wahenga, na kuhusu simbo, ngoma ambayo wachezaji wake hugeuka simba ili kupambana na wachawi. Kolo ina rangi nyingi zaidi, nakubali. Lakini rangi bila mtu wa kuieleza ni nusu ya urithi, na nusu ya pili ilikuwa vinywani mwa wazee wa Usandawe.

Ten Raa aliandika pia juu ya phek'umo, ngoma ya mbalamwezi ya kuombea uzazi. Wanawake huinua mikono juu kuonyesha pembe za mwezi, ambazo ni pembe za wanyama pia. Katika ngoma moja unakuta mwezi, windo na mtoto atakayezaliwa. Ilikuwa burudani ya kijiji na ibada yake kwa pamoja.

Miaka ya 1970 kaya zilizotawanyika vilimani zilikusanywa katika vijiji vya ujamaa. Baadaye mipaka ya hifadhi, ikiwamo Pori la Akiba la Swagaswaga, na sheria za wanyamapori zikaufinya upinde. Kilichodumu vizuri ni nyuki. Mizinga ya magogo bado inatundikwa mitini. Asali inaliwa, inauzwa, na kupikiwa wanzuki wa harusini na wa siku za kusaidiana shamba. Mwaka 2018 barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, ipitayo Chemba, ilizinduliwa, na vijana wakapata njia fupi ya kwenda kutafuta riziki mjini.

Sasa linakuja bwawa la Farkwa, lililopangwa kwenye mto Bubu ili kupeleka maji Dodoma na wilaya jirani. Maji ni haki, na sina neno la kulipinga. Ombi langu ni kwa Halmashauri ya Chemba na kwa vyuo vikuu vilivyoko Dodoma: pelekeni vijana wa Kisandawe wenye vinasa sauti kwa babu na bibi zao, jiwe kwa jiwe, ngoma kwa ngoma, wakaorodheshe majina ya mapango na waliotambika humo. Ianzeni kazi hiyo Farkwa, kabla bwawa halijajaa.