Nywila na Usimbaji Fiche: Kinga ya Nyaraka za Kidijitali

Usimbaji fiche ni utaratibu wa kugeuza maudhui ya waraka kuwa alama zisizosomeka kwa asiye na nywila. Nywila ikiwa imara, waraka uliosimbwa hulindwa hata pale kompyuta au flashi yenye nakala ya kitambulisho, hati ya kiwanja au orodha ya mishahara inapopotea au kuibwa.

Katika Microsoft Word, tangu toleo la 2007, nywila ya kufungua waraka husimba maudhui yake kwa kanuni ya AES. Nywila ya kuzuia uhariri pekee haifanyi hivyo; yeyote aupataye waraka huo anaweza kuusoma.

Nywila ndefu, yenye maneno kadhaa yasiyohusiana, ni ngumu kukisiwa. Haipaswi kutumwa katika barua pepe ileile iliyobeba waraka, bali itolewe kwa njia nyingine, kama vile simu. Ikisahaulika, Microsoft haiwezi kuirejesha. Hivyo ihifadhiwe mahali salama.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inawataka wanaokusanya taarifa za watu kuzilinda dhidi ya upotevu na matumizi yasiyoidhinishwa.