Jicho Lionalo Mbali: Historia ya Kudhibiti Ujasusi wa Kichawi katika Michezo ya Uigizaji ya Mezani

Utangulizi

Miongoni mwa tanzu za masimulizi zilizozuka katika nusu ya pili ya karne ya ishirini, michezo ya uigizaji ya mezani imepewa nafasi finyu katika uhakiki wa fasihi. Katika michezo hii wachezaji wachache huketi pamoja, kila mmoja akavaa nafsi ya mhusika wake, naye msimamizi huuumba kwa maneno ulimwengu wanamotenda. Penye shaka, dadu huamua. Hakuna matini iliyokamilika kabla ya utendaji. Fanani na hadhira hubadilishana nafasi, kama ilivyo katika tanzu nyingi za fasihi simulizi. Makala haya yanachunguza tatizo moja ambalo utanzu huu umepambana nalo tangu 1974: mhusika mwenye uwezo wa kichawi wa kuona na kusikia yaliyo mbali aruhusiwe kujua kiasi gani? Hoja inayotetewa ni kwamba tatizo hilo, ambalo kwa kawaida huchukuliwa kuwa la kanuni tu, kwa hakika ni la usimulizi. Ni swali la nani anamiliki siri ya hadithi.

Ukuta na Risasi

Mchezo wa Dungeons & Dragons, uliobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson, ulichapishwa 1974 na kampuni ya TSR ya Lake Geneva, katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Toleo hilo la kwanza tayari lilimpa mchawi uwezo wa kusoma mawazo ya viumbe walio nyuma ya mlango, wa kuona na kusikia kwa mbali, na wa kutuma jicho lisiloonekana limtangulie. Kwa kuwa mchezo ulihusu kupenya mahandaki yenye hatari zisizojulikana, uwezo huo ungeweza kuimaliza safari kabla haijaanza. Dawa iliyotumika ilikuwa kizuizi cha kimaumbile: usomaji wa mawazo ulipenya mwamba wa unene wa takriban futi 2, lakini bamba jembamba la risasi lilitosha kuuzuia. Vitabu vya 1978 na 1979 viliongeza makago ya kichawi, mathalani hirizi ya kumlinda aivaaye asitafutike wala asichunguzwe.

Vizuizi hivi vina mantiki yake, lakini vina kasoro ya kisimulizi. Msimamizi ndiye ajengaye kuta na ndiye agawaye hirizi. Akiviweka popote penye siri, mchezaji aliyechagua kuwa mwonaji huwa amepewa jicho na papo hapo akafumbwa. Kila adui wa maana anapovaa hirizi, chaguo la mchezaji halina uzito tena, na imani baina ya fanani na hadhira yake hutetereka. Kwa upande mwingine, msimamizi asiyezuia lolote huipoteza taharuki. Utata huu ndio uliosukuma mabadiliko yaliyofuata.

Gharama na Uhusiano

Mbegu ya suluhisho la pili ilikuwamo katika toleo lile lile la 1974. Mchawi aliyewauliza maswali viumbe wa ulimwengu wa juu alijihatarisha: kadiri alivyopanda juu zaidi ndivyo majibu yalivyokuwa ya kweli zaidi, na ndivyo hatari ya kurukwa na akili ilivyozidi. Hapa maarifa hayakukatazwa, yaliuzwa.

Mwaka 1987 Jonathan Tweet na Mark Rein-Hagen walitoa Ars Magica, mchezo unaohusu wachawi wa Ulaya ya zama za kati. Mchawi anayetaka kumfikia mtu aliye mbali huhitaji kitu chenye mfungamano naye. Aidha, sheria ya jumuiya ya wachawi inawakataza wanajumuiya kuchunguzana kwa uchawi. Kizuizi kimehama kutoka ukutani na kuingia katika maadili: jasusi anaweza kuona, ila akigunduliwa atashtakiwa. Kosa lenyewe huwa chanzo cha kisa kipya.

Tweet alikuwa pia miongoni mwa wabunifu wa toleo la tatu la Dungeons & Dragons, lililotolewa 2000 na Wizards of the Coast, kampuni iliyoinunua TSR 1997. Toleo hilo lilizaa mbinu iliyowakera wasimamizi wengi: wachezaji humchungulia adui kwa mbali, hujikinga kwa uchawi, kisha humtokea ghafla chumbani na kumuua. Sura zote za katikati za hadithi zilirukwa. Katika marekebisho ya 2003 mlengwa alipewa nafasi ya kupinga, na upinzani wake ulipungua iwapo jasusi alimfahamu vyema au alikuwa na picha, vazi au unywele wake. Toleo la 2008 liliuhamishia uchunguzi huu katika ibada zenye kuhitaji muda na mali. Nalo la 2014 lilikubali kwamba mlengwa aliyefaulu kupinga hawezi kujaribiwa tena kwa njia hiyo na jasusi yule yule kwa saa 24. Kanuni ya unywele ina tija kubwa kisanaa, kwani kabla ya kuona, mhusika hulazimika kwenda, kuiba, kuhonga au kubembeleza. Ujasusi unakuwa kisa badala ya kuwa njia ya kukikwepa.

Hitimisho

Hata hivyo, gharama peke yake haitoshi, maana huamua ni lini mhusika ataona, si kile atakachoelewa. Katika The Lord of the Rings (1954–55) ya J. R. R. Tolkien, Denethor anaziona merikebu zenye matanga meusi zikipanda mto, na ni kweli zinakuja. Asilolijua ni kwamba Aragorn ndiye aliyemo. Hakudanganywa na macho yake, bali na fasiri yake. Katika Kiswahili, neno bao hutaja mchezo na pia ramli, na mpiga ramli huheshimiwa kwa kufasiri alama, si kwa kuziona tu. Msimamizi anayelizingatia hilo hahitaji kuficha risasi kila ukutani. Humwonyesha mchezaji ukweli usiokamilika, na taharuki huhama kutoka swali la kilichopo hadi swali la maana yake. Hapo siri ya hadithi inakuwa mali ya wote walioketi mezani.