Mashaka ya Kamera katika Sinema ya Vikaragosi

Sinema ya vikaragosi ni ile ambayo sanamu husogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja, hata ikaonekana inatembea. Historia yake huelezwa kwa kawaida kama historia ya sanamu zenyewe. Sisi twaona yafaa itazamwe pia kwa upande wa kamera, maana sehemu kubwa ya ustadi huo ilizaliwa katika kushindana na ila zake.

Hata asili yake yahusu ila. Georges Méliès, Mfaransa, alisimulia kwamba mwaka 1896 alikuwa akipiga picha katika uwanja wa Opéra, Paris, mara ukanda ukakwama ndani ya kamera. Akaukwamua, akaendelea. Alipoutazama baadaye, aliona gari la abiria limegeuka ghafla kuwa gari la maiti. Ndipo alipotambua kwamba kamera ikisimamishwa, kitu chaweza kubadilishwa bila mtazamaji kuona mkono uliokibadilisha.

Wladyslaw Starewicz naye alisumbuliwa na taa. Mwaka 1910, huko Kaunas, Lithuania, alitaka kupiga picha mbawakawa dume wakipigana. Wadudu hao ni wa usiku. Taa kali zilipowashwa, walizubaa wasipigane. Starewicz akawachukua waliokufa, akawatengenezea viungo kwa waya na nta, akawasogeza kwa mkono wake. Baadhi ya watazamaji walidhani wadudu wale wamefunzwa!

Tufanye hesabu kidogo. Sinema ya sauti huhitaji picha 24 kwa sekunde, yaani 1440 kwa dakika. Hata kila mkao ukipigwa mara mbili, sanamu itasogezwa mara 720 kwa dakika moja ya sinema, na kwa muda huo wote kamera haina ruhusa ya kutikisika. Katika King Kong ya mwaka 1933, kazi ya Willis O'Brien na wenzake, manyoya ya sokwe yaonekana yakichezacheza kama yapigwayo na upepo. Ni vidole vya mafundi vilivyoyagusa kila waliposogeza kiungo. Tena zamani fundi hakuweza kujua kosa lake mpaka ukanda usafishwe. Kazi ya siku nzima ikapotea kwa sababu ya teke moja kwenye mguu wa kamera.

Kamera za tarakimu ziliondoa kungoja huko. Corpse Bride, sinema ya mwaka 2005, ilipigwa kwa kamera za picha za kawaida za Canon, na fundi aliweza kuiona picha papo hapo. Lakini zilileta shaka jipya, nalo ndilo linalowasumbua zaidi wanafunzi wa leo. Kamera ya kale haikuwa na maoni. Ya sasa hujiamulia. Kila picha huipimia mwanga upya, hupima rangi upya, hutafuta upya pa kulenga. Picha moja ikitazamwa peke yake ni njema, ila zikiunganishwa sinema nzima hupepesa kama taa ya mafuta penye upepo. Dawa ni kuinyang'anya kamera hiari hiyo: mwanga, rangi na ulengaji vyote viwekwe kwa mkono na visiguswe tena. Hata hivyo tundu la lenzi hujifunga na kujifungua kwa kila picha, wala halirudi kipimo kile kile sawasawa. Ndiyo maana mafundi wengi hupenda lenzi za zamani zenye pete ya kuzungushwa kwa vidole.

Yaliyobaki ni ya chumbani. Dirisha lizibwe, kwa kuwa jua halingoji mtu. Fundi avae nguo nyeusi, maana shati jeupe hurudisha mwanga juu ya sanamu. Miguu ya kamera ifungwe sakafuni, na kitufe kibonyezwe kwa waya, si kwa kidole. Umeme unaopanda na kushuka ni adui tusiyeweza kumtawala sote.

Mashaka haya hayakuwazuia wenzetu. Katika Kongo, Jean-Michel Kibushi alitoa mwaka 1991 sinema fupi ya karatasi zilizokatwa, yenye hadithi ya chura aliyekwenda kwa wakwe zake, ngano ya Watetela. Mwaka 1999 akatoa Muana Mboka, safari hii kwa vikaragosi.