Yaliyofukiwa Chini ya Msikiti wa Shanga

Wakati wa ukoloni, vitabu vingi viliieleza miji ya mawe ya pwani ya Afrika Mashariki kuwa kazi ya wageni: Waarabu na Waajemi walivuka bahari, wakajenga misikiti na majumba, wenyeji wakatawaliwa. Hoja hiyo ilisimama juu ya magofu yanayoonekana kwa macho na masimulizi ya koo zilizotawala. Kuipima kulihitaji jembe dogo na subira.

Katika miaka ya 1980, Mark Horton na wenzake walichimba Shanga, mji uliohamwa katika kisiwa cha Pate, kwenye visiwa vya Lamu. Walishuka tabaka baada ya tabaka wakifuata kanuni moja: pasipovurugwa, la chini ndilo la kale zaidi. Chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe walikuta mabaki ya misikiti iliyoutangulia, na chini yake alama za mashimo ya nguzo zilizokwisha kuoza. Waislamu wa Shanga walikuwa wakiswali hapo tangu karne ya 8, katika jengo dogo la miti; kuta za matumbawe zilifuata baadaye.

Umri wa tabaka haubuniwi. Mkaa wa jikoni hupimwa kaboni ya mionzi, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi tangu mti ufe. Vigae vya China na vya Ghuba ya Uajemi, ambavyo enzi zake zinajulikana, hutumika kuhakiki kipimo hicho. Udongo nao huchekechwa na kuoshwa ili mifupa ya samaki na mbegu zilizoungua zisipotee. Kwa mbegu za namna hiyo, watafiti katika kisiwa cha Pemba wameonyesha jinsi wakazi walivyotoka kwenye uwele wakaegemea mpunga.

Huko Shanga, wingi wa vigae ulikuwa wa vyungu vilivyofinyangwa na wenyeji. Mji ulikua kutoka kijiji cha Waafrika, ukaipokea dini na biashara ya bahari. Hata hivyo, masimulizi ya asili ya Kishirazi, yaani ya Uajemi, hayakuwa ndoto tupu. Mwaka 2023, uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani, ulionyesha kwamba damu ya Waafrika na ya Waajemi zilianza kuchanganyika yapata mwaka 1000: upande wa mama hasa Waafrika, upande wa baba wengi Waajemi.

Kwa hiyo anayemwambia Mswahili kwamba yeye ni mgeni kwao anapingwa na udongo, na anayekana mahusiano yake ya ng'ambo anapingwa vilevile. Lakini ushahidi huu husomwa mara moja tu. Tabaka likishachimbwa haliwezi kurudishwa, ndiyo maana mwanaakiolojia huchora, hupima na kuandika kila hatua. Mtafuta hazina haandiki chochote, wala anayebomoa ukuta wa kale apate mawe ya kujengea. Tukiona kigae au sarafu, tuiache ilipo na tuwaarifu watu wa makumbusho, kwa kuwa mahali kilipolala kitu ndipo palipo na nusu ya habari yake.