Kifungu cha 157

Ukimtajia mtu habari za Uspiritisti, mara nyingi jibu ni moja: huo ni uchawi wa Wazungu. Hukumu hiyo ina umri mkubwa, na Brazili iliiandika katika sheria. Kifungu cha 157 cha Kanuni ya Adhabu ya tarehe 11 Oktoba 1890 kiliweka katika kapu moja Uspiritisti, uchawi, hirizi na kupiga ramli kwa karata, kikatoa kifungo cha mwezi mmoja hadi sita pamoja na faini. Wanaoibeza imani hii hawakisomi, nao waitetezao hukitaja juujuu tu. Mimi nimekaa nacho muda mrefu, na kinachonisumbua zaidi ni mahali kilipowekwa: hakimo miongoni mwa makosa ya dini, kimo katika makosa dhidi ya afya ya umma, jirani na kifungu cha wanaotibu bila cheti.

Chimbuko la Uspiritisti linajulikana. Hippolyte Léon Denizard Rivail, mwalimu mzaliwa wa Lyon aliyesoma katika shule ya mwanaelimu Pestalozzi huko Uswisi, alihudhuria vikao vya meza zinazocheza mjini Paris, akawauliza maswali roho waliosemekana kuzichezesha, akalinganisha majibu, na tarehe 18 Aprili 1857 akatoa Le Livre des Esprits kwa jina la Allan Kardec. Mafundisho yenyewe ni haya: Mungu ni mmoja, roho haifi, bali huzaliwa tena na tena katika miili ya wanadamu, ikijifunza na kulipa makosa yake hadi itakate, dunia zenye viumbe ni nyingi, jehanamu ya milele haipo, Yesu ndiye kielelezo cha juu cha maadili. Wafu huweza kuzungumza nasi kupitia watu wenye kipaji hicho, waitwao mediamu. Na kumsaidia mwenye shida kunapita ibada zote.

Msomaji wa pwani atafikiria ngoma za pepo. Lakini kwenye kikao cha Waspiritisti wa Brazili hakuna ngoma wala ubani, na hakuna mnyama anayechinjwa. Kuna meza, Injili inasomwa, sala inaombwa, viganja vinapitishwa juu ya kichwa cha aliyeketi bila kumgusa, kisha anapewa kikombe kidogo cha maji. Halipi kitu.

Sasa, kwa nini afya ya umma? Jibu analo Dk. Bezerra de Menezes, tabibu na mwanasiasa wa Rio de Janeiro, aliyejitangaza hadharani kuwa Mspiritisti mwaka 1886 na baadaye kuliongoza Shirikisho la Waspiritisti wa Brazili, lililoanzishwa 1884. Watu walimwita daktari wa maskini. Waspiritisti husimulia kwamba mama mmoja alipokosa fedha za dawa, yeye alivua pete yake ya uhitimu akampa. Shirikisho nalo liligawa bure dawa za homiopathi zilizoandikwa na mediamu, na foleni za maskini zikawa ndefu. Madaktari wenye vyeti hawakufurahi. Ndiyo maana naona kifungu kile kililinda taaluma kuliko kilivyolinda wagonjwa.

Wakosoaji wengine hawakuwa na la kunizuia. Askofu wa Barcelona alichoma vitabu 300 tarehe 9 Oktoba 1861, na moto si hoja. Roma ikavipiga marufuku vitabu vya Kardec mwaka 1864. Wanaotaja katazo la Musa la kuwauliza wafu, Kardec aliwajibu mwaka 1865: lililokatazwa ni biashara ya kutabiri, nayo Waspiritisti pia wanaikataa. Naliona jibu hilo linatosha.

Hoja ya udanganyifu ni nzito zaidi, nami siikwepi. Mpiga picha Buguet alikiri mbele ya mahakama ya Paris mwaka 1875 kwamba picha zake za roho zilikuwa za kutengeneza, na mhariri wa jarida alilolianzisha Kardec akahukumiwa kifungo pamoja naye. Ni aibu ya kweli. Ila Kardec mwenyewe alikwisha kuandika sura nzima kuhusu matapeli katika kitabu chake cha 1861. Tena mtazame Chico Xavier, mediamu wa Brazili, mzaliwa wa mji wa Pedro Leopoldo: mkono mmoja umefunika macho, mwingine unakimbiza penseli. Vitabu zaidi ya 400 vilitoka hivyo, na mapato yake aliyaacha kwa hisani. Tapeli hutafuta fedha. Yeye alikufa mwaka 2002 bila utajiri.

Lipo shtaka moja ambalo sina utetezi wake. Kardec alifundisha kwamba utumwa unapingana na sheria ya Mungu, lakini katika jarida lake la Aprili 1862 aliandika kuhusu watu weusi maneno ya dharau, akiazima elimu ya uongo ya mafuvu iliyovuma siku zile. Mwaka 2007 waendesha mashtaka wa serikali katika jimbo la Bahia, Brazili, walikubaliana na wachapishaji kwamba maneno ya namna hiyo yawekewe maelezo. Wanaosema ni mambo ya zamani tu hawajawahi kuyasoma wakiwa na ngozi yangu.

Tena dharau hiyo ilikuwa na matunda. Katika mahakama za Brazili kulizuka mgawanyo wa Uspiritisti wa juu na wa chini. Wa juu ulikuwa wa vitabu na madaktari. Wa chini ulikuwa wa ngoma, yaani wa wajukuu wa Waafrika waliouzwa ng'ambo. Wapo Waspiritisti walioukubali mgawanyo huo ili wajiokoe, wakaacha rungu la polisi liwashukie wengine. Mwenye kuonewa kwa jina la uchawi hakupaswa kulikabidhi jina hilo kwa jirani yake.

Kanuni mpya ya mwaka 1940 ililifuta neno Uspiritisti, ikabakiza kosa la uganga katika kifungu cha 284. Lakini huko Bahia, nyumba za Candomblé, dini ya wajukuu hao wa Waafrika, ziliendelea kuomba kibali cha polisi hadi mwaka 1976.