Historia ya Mboji: Kutoka Andalusia Hadi Lusuku ya Buganda



Ndugu wasomaji, mwanafunzi mmoja wa madrasa aliniuliza: "Ustadh, kwa nini migomba ya bibi kijijini inazaa bila mbolea ya dukani, na yetu hapa Kampala imedumaa?" Jibu lake limo katika historia.

Mwishoni mwa karne ya 12, Ibn al-Awwam wa Seville, Andalusia, aliandika Kitab al-Filaha, kitabu kikubwa cha kilimo. Humo alieleza aina za samadi na namna ya kuitumia. Mwaka 1802 kilichapishwa Madrid pamoja na tafsiri ya Kihispania.

Mwaka 1786 Mjerumani Franz Karl Achard alitumia maji ya alkali kukamua kitu cheusi kutoka udongo wa kinamasi. Vitu vya namna hiyo ndivyo vilivyokuja kuitwa asidi za humiki, na leo vinauzwa kwa chupa. Lakini mwaka 2015 Johannes Lehmann na Markus Kleber waliandika katika jarida la Nature kwamba asidi hizo ni matokeo ya njia ya kukamulia. Kilichomo udongoni ni mabaki ya viumbe yanayoendelea kuoza. Wataalamu bado wanabishana. Faida ya mboji yenyewe haina ubishi.

Udongo wetu mwekundu ni mkongwe, umeoshwa na mvua kwa maelfu ya miaka, na hauna nguvu ya kushika chakula cha mmea. Mboji hushika potasiamu, kalsiamu na magnesiamu visisombwe na maji, na huhifadhi unyevu.

Ahmed bin Ibrahim alipofika kwa Kabaka Suuna II mwaka 1844, Waganda walikuwa wakiishi kwa matooke tangu zamani. Lusuku ilikuwa jirani na nyumba, na majivu, maganda na majani makavu yalirudi pale pale kwenye migomba.

Basi tumekosea wapi? Leo malori huleta matooke mjini, na potasiamu ya shamba huja ndani ya maganda, lakini hairudi. Maganda mengi yaliishia jalala la Kiteezi. Tarehe 10 Agosti 2024 jalala lile liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Kilichopaswa kuwa chakula cha udongo kikawa kaburi la watu.

Nikamwambia kijana: kusanya maganda na majani makavu kivulini, changanya na samadi ya mbuzi, nyunyiza maji, geuza kila baada ya wiki mbili. Baada ya miezi michache utapata mboji nyeusi isiyonuka.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba anachokula ndege, mtu au mnyama katika mmea wa Muislamu ni sadaka yake. Wazazi, tuanze na maganda ya leo jioni.

Wabillahi Tawfiq.